Mje Mtuchukue Lusail

Mimi mwenyewe ndiye niliyeweka sheria kwamba Chelsea aniandikie kwa Kiswahili. Nilikuwa nimechoka kupokea ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa mtoto niliyemzaa, tena Kiingereza chenyewe cha kukatakata, herufi tatu na kikaragosi kinachocheka. Msichana wa miaka kumi na tano, amekulia Doha tangu ana meno ya utoto. Anaagiza chakula kwa Kiarabu na kubishana na walimu kwa Kiingereza, lakini ukimtuma upawa anakuletea uma. Nikamwambia kuanzia leo, bila Kiswahili, mimi Kerubo sijibu ujumbe wa mtu. Akatii. Laiti angekuwa mkaidi kidogo.

Jumamosi ile nilikuwa kazini mtaa wa The Pearl, kwa Bi. Wadha, mama wa Kiqatari aliyepooza upande mmoja. Mimi ni nesi wa kuhudumia wagonjwa majumbani. Nafika asubuhi, naondoka saa tisa alasiri, na simu yangu hukaa kwenye mkoba mpaka Bi. Wadha anaposwali adhuhuri, kwa sababu hapendi nesi anayechezea simu. Kusema kweli hata mimi simpendi nesi wa namna hiyo. Nikamsaidia kutawadha, nikamweka sawa kwenye kiti chake akaanza kuswali, nami nikaenda jikoni kunywa maji. Ndipo nikafungua simu.

Ujumbe ulikuwa umetumwa asubuhi.

"Mama, leo saa nne mimi na Zuleikha tunaaga dunia Lusail. Usilie na usikasirike. Simu tutazima. Wewe na Baba Zuleikha mje mtuchukue. Pole kwa leso yako. Nakupenda sana sana."

Nikausoma. Nikausoma tena. Nakumbuka niliiweka ile glasi ya maji mezani polepole, kwa adabu kabisa, halafu nikakaa sakafuni. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita imepita. Saa nne ilikuwa imekwenda zamani, wakati mimi nikimkata Bi. Wadha kucha na kucheka naye.

Kwa miaka mingi nimewapa watu habari za misiba. Nina sauti yake maalumu, nina namna ya kukaa na kumshika mtu mkono. Siku hiyo habari niliipata kwa mtoto mwenyewe, na akaifunga kwa kuniambia ananipenda. Na leso. Leso ipi? Ya nini? Kichwa kilianza kunijibu nikakizuia, kikajibu tena.

Nikapiga simu yake. Imezimwa. Nikapiga ya Zuleikha. Imezimwa. Sikujua kwamba nilikuwa nikipiga mayowe mpaka nilipomsikia Bi. Wadha akiniita, na mfanyakazi wake akaja mbio akiwa na ufagio mkononi. Nilitambaa mpaka kwenye kile kiti. Kiarabu changu chote kilinitoka, nikabaki na neno moja tu, "Binti. Binti." Bahati neno hilo ni lao pia. Yule mama alinitazama, akanisukuma begani kwa mkono wake mmoja mzima, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Yalla, ruhi!" akasema. Nenda.

Nikampigia Kassim, baba yake Zuleikha. Ni Mzanzibari, dereva wa teksi za kampuni, na anaishi na familia yake chini yetu kwenye lile jengo letu la Najma. Binti zetu hawaachani hata kwa dawa.

"Baba Zuleikha, uko wapi?"

"Nipo hapahapa The Pearl, nimeshusha mgeni. Kwani kuna nini, Mama Chelsea? Mbona sauti yako hivyo?"

"Zuleikha ako wapi?"

"Si yupo maktaba na mwenzake, wanadurusu. Kaniaga asubuhi."

"Amekuaga?" Neno lile lilinikata. "Amekuaga aje?"

"Kaniaga tu. Kwaheri baba. Mama Chelsea, usinitie wasiwasi, sema."

Nilimwambia tu aje, na alipofika nikamtia simu mkononi. Aliusoma ujumbe midomo ikitikisika. "Inna lillahi," akasema, kisha akajikatiza katikati kana kwamba akiimaliza dua itakuwa kweli. "Hapana. Hapana bwana. Zuleikha kala maandazi asubuhi, akaomba na mengine. Mtu anayetaka kujiua haombi maandazi."

"Endesha gari, Baba Zuleikha."

Akaendesha. Nilimpigia Charity, nesi mwenzangu aliye kitengo cha dharura, nikamuuliza kama kuna wasichana wawili walioletwa kutoka Lusail. Akasema hakuna. Mwanzoni nilimshukuru Mungu, halafu nikafahamu kwamba kutoletwa kunaweza kuwa na maana ya kutoonekana, na nikatamani nisingepiga. Nikajaribu polisi. Mtu akapokea, akaniuliza kwa Kiingereza shida yangu ni nini, na mdomo ukagoma. Kuisema kwa Kiswahili nilikuwa sijaweza, sembuse kuitafsiri. Nikakata.

"Ni hizi manga," nikasema. Nilitafuta mtu wa kumkasirikia na hapakuwa na mwingine. "Tangu waanze kusoma hizi manga zao, watoto wamebadilika."

"Manga zipi?"

"Si hivi vitabu vya picha vya Kijapani! Vya wasichana wa shule kuingia dunia ya uchawi!"

Kassim alinigeukia hadi gari likayumba. "Vya Kijapani? Mama Chelsea, Zuleikha kaniambia anasoma manga, nami nikafurahi. Kwetu Unguja Mmanga ni Mwarabu wa Oman. Nikajua mtoto anasoma habari za babu zetu wa Maskati. Vitabu vyenyewe namnunulia mimi!"

Siku nyingine ningecheka nikashika mbavu. Siku hiyo nilimwona mtu mzima akigundua kwamba ameilipia sumu iliyomuua mtoto wake, maana ndivyo sote wawili tulivyoamini. Nilishawahi kukifungua kimoja cha vitabu hivyo. Mwanzoni msichana wa shule anagongwa na lori. Ukigeuza kurasa mbili, anaamka katika nchi ya mazimwi, ana fimbo na taji. Nilimuuliza Chelsea, kwa hiyo lazima afe ndipo awe malkia? Akanijibu bila kuinua macho, "Mama, hiyo ni njia tu ya kwenda." Niliendelea kukaanga vitunguu. Sasa jibu hilo lilinirudia neno kwa neno, nikajigonga kichwa kwenye kioo cha gari.

Lusail ni mji mpya, mkubwa, na majengo yake yote yalikuwa marefu mno kwangu. Nilikuwa nikitazama chini ya kila ghorofa tulilopita. Kassim naye alikuwa akitazama, ila tulifichana. Tukaenda moja kwa moja kituo cha metro, kwa kuwa watoto wasio na gari lazima wameshukia pale. Mlangoni alisimama mlinzi, na kwa alivyosimama tu nilimjua ni mtu wa kwetu. Beji yake iliandikwa Nahashon.

"Kaka, umeona wasichana wawili? Mmoja amevaa hijabu, mmoja ana rasta?"

"Wale mabinti wa panga za carton?" Nahashon akacheka. "Niliwacheki morning, madam. Mmoja amejifunga leso hapa kwa shingo."

Kwa shingo. Nilimshika mkono Kassim.

"Ikining'inia nyuma hivi, kama superhero," akaendelea. "Walikuwa wanacheka hao, wacha tu! Waliingia huko kwa hall." Akaonyesha ng'ambo ya barabara. "Kwani kuna nini, madam? Ukae kwanza nikuletee maji?"

Walikuwa wakicheka. Sikuelewa. Nimewaona watu wengi kwenye saa zao za mwisho na sikuwahi kumwona anayecheka, na mshtuko huu wa pili ulinichanganya kuliko wa kwanza. Tulivuka barabara bila kutazama magari. Mlango wa ule ukumbi ulifunguka wenyewe, na mbele yangu akapita mtu mwenye mabawa.

Nyuma yake walikuja wengine. Nywele za buluu, nywele za waridi, pembe, mikia. Mmoja mwenye masikio marefu kama ya punda alikuwa akila sambusa. Moshi mweupe ulifuka kutoka jukwaani na muziki ukilia pande zote. Nisichekwe, lakini niliamini kabisa kwamba moyo wangu ulikuwa umesimama barabarani pale, na kwamba sasa nimewafuata watoto huko walikokwenda.

"Audhubillahi," Kassim akanong'ona. "Mama Chelsea, na wewe unawaona?"

"Nawaona."

"Basi afadhali."

Msichana mwenye pembe mbili alinisimamisha, akanitazama kuanzia sare yangu ya unesi hadi kifaa cha kupimia moyo kilichokuwa bado shingoni. "Wow, nice costume!" akasema. "Inaonekana ya kweli kabisa!" Hilo la pili alilisema kwa Kiingereza pia, lakini mimi kila kitu nilikisikia kwa lugha ya msiba. Nilimsukuma kando.

Ndipo nikaliona bango. Lilitundikwa juu ya meza moja upande wa mbali: wasichana wawili wenye sare za shule, wameshikana mikono mbele ya mlango wa lifti. Nililijua jengo. Ilikuwa lifti yetu ya Najma, hata ule ufa wa kioo ulikuwemo. Na juu yao, kwa herufi nene nyekundu: WASICHANA WALIOAGA DUNIA.

Chini ya bango hilo alikuwa amesimama Chelsea, akikata utepe wa gundi kwa meno, leso yangu ikiwa mgongoni.

Njia nzima kutoka The Pearl nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimemwahidi Mungu mambo mazito, na nilikuwa nimepanga nitakachomwambia mtoto huyu iwapo ningerudishiwa, maneno mazuri ya mama na mwana ambayo sijawahi kuyatamka. Nilimkimbilia nikamshika mabega, nikamshika uso. Vidole vyangu vikamwendea shingoni vyenyewe, kwa mazoea ya kazi, vikatafuta mapigo. Yalikuwepo. Yalikuwa mazuri, ya haraka kidogo. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Umekula?"

"Mama!" Chelsea alicheka, mtoto yule, alicheka. "Umekuja mapema sana! Si niliandika saa nne?"

"Saa nne imepita!"

"Aih, Mama, bado. Four." Akaniinulia vidole vinne.

Nilivitazama vile vidole nikaelewa nusu ya balaa langu. Alikuwa ameona nne kwenye saa akaandika nne, kama mwenye akili. Saa nne yake ilikuwa saa kumi ya Waswahili wote, alasiri, nikishatoka kazini.

Kassim alikuwa amemkumbatia Zuleikha na lile panga la boksi likimchoma mbavuni, hajali. "Na kuaga dunia?" akauliza. "Mnaagaje dunia nyinyi?"

Wasichana wakatazamana.

"Si kuaga ni kusema bye?" Chelsea akasema. "Na dunia ni world. Ni manga tumechora sisi, wasichana wanaambia hii world bye, wanaingia ile ingine. Saa nne tunafanya kwa stage ya hii festival ya manga, hawa wote wamevaa tu kama wa kwa kitabu. Tunaaga, tunaingia kwa lift. Ndio maana tumezima simu, wametuambia tuzime tangu rehearsal. Zuleikha alisema maktaba ndio iwe surprise. Na nikakuambia usilie juu… ile mwisho ni ya kulia kidogo."

"Chelsea. Kuaga dunia ni kufa."

Ule utepe wa gundi ukamdondoka Chelsea mkononi.

"Mimi nilimwambia neno hili nishalisikia pahala," Zuleikha akasema kwa sauti ndogo.

"Umelisikia kwenye redio ya bibi yako!" Kassim akafoka. "Kwenye matangazo ya vifo!" Halafu akakaa juu ya boksi la vitabu, boksi likabonyea, akaanza kucheka na machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu.

Mimi sikucheka. Nilimpa Chelsea simu yangu. "Soma ulichoniandikia. Soma kama mimi."

Alisoma. Nilimwona uso ukibadilika mstari kwa mstari. Alipofika *mje mtuchukue* aliweka mkono kifuani. Alipofika kwenye leso aliitazama ile iliyokuwa shingoni mwake, akaifungua upesi kana kwamba inamuunguza. "Mama," akasema. "Ulifikiri…"

"Nilifikiri."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu adhuhuri."

Akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya wale watu wenye mikia, akanishika sare kwa mikono miwili kama alivyokuwa akinishika nikienda kazini zamani. Hasira zangu ambazo nilikuwa nimezitafutia mtu wa kumpa, sasa mtu mwenyewe alikuwa mkononi na hazikuwepo tena. Nilikuwa na kiu tu. Nilikumbuka ile glasi ya maji jikoni kwa Bi. Wadha, sikuinywa.

"Na leso umeikata," nikasema, ili niseme kitu.

"Chini tu kidogo."

"Nyumbani tutaongea."

Basi ikawa kazi ya kubadilisha jina. Chelsea hakutaka kupanda jukwaani chini ya bango la msiba, na mimi sikutaka kuliona tena hata kwa dakika moja. Alichukua kalamu nene, akamwuliza Kassim, ambaye Kiswahili chake tunakiheshimu sote. "Tuandike, Walioiacha Dunia?"

"Huko ni kufa."

"Walioondoka Duniani?"

"Kufa."

"Waliokwenda Ulimwengu Mwingine?" Zuleikha akajaribu.

"Kufa na kuzikwa."

Niliyageuza maneno yote niliyonayo, ya shuleni, ya kanisani, ya wodini, na kila mlango wa kutoka duniani niliougusa ulifungukia makaburini. Nilishangaa kweli. Wajapani wanaenda huko na begi la shule, sisi hatuna hata neno la kwenda bila sanda.

"Kwani wanabaki hukohuko?" nikauliza. "Hao wasichana wenu?"

"Hapana," Chelsea akasema. "Mwisho wanarudi. Lift inafunguka, mama ya mmoja amesimama hapo nje."

"Basi andika hivyo. Waliorudi."

Wakabandika karatasi nyeupe juu ya lile neno la balaa, na Zuleikha akachora herufi mpya. WASICHANA WALIORUDI. Nilivuta pumzi ya kwanza iliyofika chini tangu adhuhuri.

Saa kumi tulikaa mbele, mimi na Kassim, katikati ya mazimwi. Picha zilionyeshwa ukutani moja moja na watoto wetu wakazisoma na kuziigiza, Chelsea akinena Kiswahili chake cha kuvunjika na Zuleikha akikitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya wasiojua. Wasichana wanaingia kwenye lifti ya Najma na kuona kitufe kisicho na namba. Wanabonyeza. Mlango unafungukia nchi ambayo mchanga wake unaongea, wanapewa panga, wanapigana na zimwi lililovaa kofia ya msimamizi wa jengo letu, nikamtambua nikajiziba mdomo. Walipofika mahali pa kupungia dunia mkono, Chelsea alinitafuta kwa macho kwanza, na hakupunga mpaka nilipomkubalia kwa kichwa. Hata hivyo mkono wangu ulimkamata Kassim bila ruhusa yangu.

Kisha ikaja picha ya mwisho. Mlango wa lifti umefunguka. Msichana amesimama ndani, amechafuka, nguo zimechanika, uchawi wote umemwishia. Nje amesimama mwanamke mwenye sare ya unesi na mkoba begani. Mdomo wake umefunguka, na juu yake kuna lile duara ambamo huwekwa maneno ya mtu. Lilikuwa tupu.

Chelsea akashika kipaza sauti. Hapo aliongea Kiingereza, haraka, akitazama viatu vyake. Alisema duara hilo lilimshinda miezi yote, kwamba kila alichoandika kilisikika kama cha televisheni. Zuleikha alitaka mama aseme "Ewe mwanangu kipenzi," na yeye akakataa, akisema mama yake hawezi kusema hivyo hata siku moja. Watu wakacheka. Alisema walikuwa wameamua kuliacha wazi, lakini leo amelisikia jibu lenyewe, mezani pale.

Akauendea ubao ambapo picha yenyewe ilikuwa imebandikwa mbele ya kamera, akaandika, na maandishi yake yakatokea makubwa ukutani.

*Umekula?*

Zuleikha alilitafsiri. Sijui walielewa nini, wale watoto wa mataifa yote, lakini msichana mwenye pembe aliyekaa mbele yangu alifuta macho kwa ncha ya mkia wake. Kassim alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nililia, nilikuwa nimekatazwa na nililia.

Chelsea alirudi kwenye sehemu yake, akasimama kwenye ile lifti ya boksi, akanitazama mimi na si watazamaji.

"Bado, Mama," akajibu.

Makofi yalipigwa mpaka nikashindwa kusikia. Na katikati ya makofi hayo ndipo nilipogutuka tena, kwa mara ya mwisho siku hiyo: swali langu halikuwa limejibiwa tangu nilipofika, na jibu hilo halikuwa la mchezo. Alikuwa hajala kitu tangu asubuhi, midomo imemkauka, namwona. Nikainuka katikati ya watu, nikamkanyaga mtu mkia, nikaenda kumtafuta yule mwenye sambusa aniambie amezinunua wapi.